Sauti ya Mtunzi Isizikwe Naye

Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alipokuwa mgonjwa alimwita bintiye akae karibu naye, alete wino na karatasi, amsikize. Utenzi uliotokana na kikao kile ni wa mwaka 1858 au karibu na hapo, na mpaka leo haujafa. Wapo mama zetu waliouhifadhi kwa moyo bila ya kujua kusoma hati yoyote, na wapo wanafunzi wa vyuo vikuu wanaouchambua ubeti kwa ubeti. Maneno ya mama yule tunayo.

Lakini kitu kimoja hatunacho. Hatujui alipofika penye jambo zito alitua vipi. Hatujui kama alighani au alinena tu, kama mama anenavyo na mwanawe. Hatuyajui mahadhi yake, wala hatujui ni wapi pumzi ya ugonjwa ilipomkatiza. Sauti ilikwenda naye kaburini, na hapakuwa na njia ya kuizuia, kwani chombo cha kwanza cha kunasa sauti na kuitoa tena, kile cha Thomas Edison wa Marekani, kiliundwa mwaka 1877.

Mwana Kupona basi ana udhuru. Sisi je, mpenzi msomaji, tuna udhuru gani?

Neno jipya, jambo la kale

Leo katika miji yetu ya pwani, kutoka Vanga hadi Kiunga, ni nyumba chache ambazo hazina hata simu moja yenye uwezo wa kunasa sauti. Vijana wamekwisha kuyatambua matumizi yake. Hujifungia chumbani, wakasoma hadithi na mashairi waliyoyatunga wenyewe, wakayarekodi, kisha wakayatoa kwa watu kupitia intaneti. Jambo hilo huitwa podikasti. Jina lenyewe lilizaliwa gazetini huko Uingereza, mwezi wa Februari mwaka 2004, pale mwandishi Ben Hammersley wa The Guardian alipokuwa akiitafutia jina kazi hiyo iliyokuwa ngeni. Alilichukua jina la kile chombo kidogo cha kusikizia muziki, iPod, akaliunga na neno la Kiingereza lenye maana ya kutangaza.

Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyezaliwa mwaka 1927 na kutuacha mwaka 2017, ndiye aliyetupa neno runinga wakati wengine walikuwa wameridhika na televisheni. Lau angalikuwapo, yamkini na hili angalilipatia jina lenye asili yetu. Maadamu hatunaye, tushike podikasti mpaka atokee malenga mwenye neno zuri zaidi.

Podikasti si redio. Redio husema kwa saa yake, na ukiwa sokoni au msikitini wakati huo, kipindi kimekupita. Podikasti hungoja. Mwenye kazi huiweka rekodi yake mahali pa kuhifadhia kwenye intaneti, na orodha maalumu huwajulisha wafuasi wake kwamba kipya kimetoka. Msikizaji huifungua apendapo, huisimamisha akiitwa, huirudia kipande asichokielewa. Anayeitoa hahitaji kibali cha mhariri, wala hahitaji nauli ya kwenda stesheni. Anachohitaji ni utungo, sauti, na chumba chenye utulivu.

Wazee wangu wengi wakilisikia neno hili hukunja uso. Husema hayo ni mambo ya vijana na simu zao. Kwa heshima yote, nawaomba wakumbuke kwamba pwani hii haijapata kukipa kisogo chombo cha sauti. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kwenda kutia sauti yake katika santuri, na santuri zile ziliporudi zikapigwa katika vinanda vya watu ambao hawakupata kumwona uso kwa macho. Kaseti ilipoletwa duniani na kampuni ya Philips mwaka 1963, haikuchukua muda mrefu kufika kwetu na kufanywa mali ya nyumbani.

Na kaseti haikuwa ya nyimbo pekee. Katikati ya miaka ya 1970, kisiwani Lamu, mashairi ya majibizano ya uchaguzi yaliyojulikana kwa jina la Kimwondo yalizunguka kwa kaseti mtaa hadi mtaa. Utungo wa Ustadh Mahmoud Mau, Wasiya wa Mabanati, wa mwaka 1974, nao ulienea kwa njia hiyo hiyo, ukaingia katika nyumba ambazo kitabu cha mashairi hakingeingia. Hapa Mombasa, Mbwana Radio Service waliuza kaseti za waimbaji wetu, na mashairi ya Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka mwaka 1971, yakawafikia watu kwa koo la Juma Bhalo. Wangapi waliyajua mashairi yale kwa kuyasikia, na wangapi kwa kuyasoma? Jibu kila mtu analo.

Juma Bhalo alifariki mwaka 2014. Zein l'Abdin, mpiga udi wa Lamu, alifariki mwaka 2016. Hao hatuwaulizi walikuwa wakiimba vipi, kwa sababu sauti zao zimesalia. Kisha tangu mwaka 2013, WhatsApp ilipoanza kupeleka ujumbe wa sauti, wapwani wamekuwa wakitumiana mashairi kwa kughani badala ya kuandika. Podikasti ni hatua moja tu mbele ya hapo: ujumbe ule uliokuwa ukipotea katikati ya salamu na picha za harusi hupewa jina, tarehe na mahali pa kukaa.

Karatasi haisemi yote

Kuna anayeweza kusema, "Mimi nimeandika mashairi yangu katika daftari, yatosha." Namheshimu, kwani kuandika ni jambo kubwa. Lakini tuangalie daftari linabeba nini na linaacha nini.

Mvita anajua tofauti ya paa mnyama wa mwituni na paa la nyumba. Anajua tofauti ya kaa wa pwani mwenye magando na kaa la moto. Katika kinywa chetu, paa yule wa mwituni na kaa yule wa pwani hutamkwa kwa pumzi, na wale wengine hutamkwa bila ya pumzi. Katika maandishi ya leo yote ni mamoja. Mtunzi anayecheza na maneno hayo, akalifumba fumbo lake baina ya pumzi na isiyo pumzi, ukurasa humfumbua vibaya au humnyamazisha kabisa. Na si hati ya Kizungu peke yake yenye kasoro. Wazee walioandika kwa hati za Kiarabu walikuwa na mzigo wao: irabu moja ilibeba o na u, nyingine ikabeba e na i, na msomaji ilimbidi aujue utungo kabla ya kuusoma. Karatasi ilikuwa ya kukumbushia. Utungo wenyewe ulikaa kifuani.

Hapo hatujataja mahadhi. Utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane, na mtoto wa shule anaweza kuzihesabu kwa vidole. Lakini namna ya kuupandisha na kuushusha, mahali pa kuvuta na mahali pa kukata, hayo huhesabiwa kwa sikio. Mtu wa Lamu na mtu wa Mvita wakipewa ubeti mmoja, kila mmoja ataughani kwa namna alivyosikia kwao. Msomaji wa bara au wa nchi za mbali aliyejifunza Kiswahili darasani atausoma kama tangazo la serikali, naye hatakuwa na kosa, kwa kuwa daftari halikumpa zaidi ya hayo.

Sisi tuliokaa vyuoni tulilijua jambo hili tungali wadogo. Mwalimu hakuturuhusu kujisomea wenyewe tu. Alisoma yeye, tukasikiza, tukarudia, akaturekebisha, kwa sababu kisomo huchukuliwa kinywani mwa mwenye kukijua. Msahafu ulikuwa umekwisha kuandikwa na kuchapishwa kwa mamilioni, na bado huko Misri wanazuoni na redio yao waliona haja ya kumrekodi Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary akisoma Kurani nzima, kazi iliyotolewa mwaka 1961. Shairi letu si wahyi na halifananishwi na wahyi. Ninalosema ni kwamba watu waliotunza maandishi kuliko watu wote waliona sauti nayo yafaa itunzwe.

Msikizaji mmoja atosha

Swali ninaloulizwa mara kwa mara na watunzi wenzangu ni hili: "Nikirekodi, nani atanisikiza?" Huuliza kwa unyonge, kwa sababu wanawaona vijana wa mjini wana wafuasi maelfu kwa mizaha yao, na wao wenye tungo za maana hawana hata kumi.

Tumtazame Muyaka bin Haji. Alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776 na kufariki mwaka 1840. Mashairi yake aliyasema mjini, kwa watu wa mji, juu ya mambo ya mji. Diwani yake haikuchapishwa akiwa hai. Ilichapishwa mwaka 1940, miaka mia baada ya kifo chake, kwa kazi ya Mwingereza William Hichens. Yalifikaje mashairi kwa Hichens? Alikuwapo Mombasa mtu mmoja, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya kutoka vifuani mwa wazee na kumwandikia mmisionari William Taylor, pamoja na maelezo ya kila shairi lilisemwa kwa sababu gani. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Lau hangefanya kazi ile, leo tungekuwa na jina la Muyaka na mistari michache ya kubahatisha.

Basi idadi ya wasikizaji isitutishe. Muyaka hakuokolewa na umati. Aliokolewa na wazee waliokumbuka na mtu mmoja aliyejali. Mtunzi wa leo akitoa podikasti ya mashairi yake, akasikizwa na watu saba, huenda katika saba hao yumo Sikujua wake. Na huenda bado hajazaliwa. Atakuwa kitukuu, msichana wa miaka ishirini huko Dubai au Toronto, anayetafuta babu yake alikuwa nani na alisema vipi. Akimkuta katika karatasi atamsoma. Akimkuta katika sauti atamjua.

Yale yanayotuzuia

Kizuizi cha kwanza ni kuichukia sauti yako mwenyewe. Mtu hujirekodi, hujisikiza, hushtuka na kufuta. "Hiyo si sauti yangu," husema. Ni yake. Tunaposema, sauti zetu hutufikia kwa njia mbili, kwa hewa inayoingia sikioni na kwa mifupa ya kichwa, na mifupa huongeza uzito. Chombo hunasa ile ya hewa peke yake. Kwa hiyo kile unachokisikia katika rekodi ndicho wenzako wanachokisikia kila siku, nao hawajakukimbia. Sikiza mara tano au sita, utazoea.

Cha pili ni hofu ya riya. Wapo watu wema wanaoona kwamba kutoa sauti yako hadharani ni kujionyesha. Hofu hiyo ni ya kuheshimiwa, na dawa yake ni nia. Anayerekodi ili aambiwe kwamba yeye ndiye bingwa ana jambo la kujiuliza. Anayerekodi ili lugha ya wazee wake isipotee, au wanawe wapate mawaidha yake, hana tofauti na yule aliyeandika kitabu.

Cha tatu ni cha nyumbani, nacho ni kizito. Katika nyumba nyingi zetu watunzi na wasimulizi hodari ni wanawake, na si kila mmoja apendaye sauti yake itoke nje. Hilo ni lake yeye kuamua, si la mwanawe wala la mjukuu mwenye simu mpya. Ukimrekodi bibi akisimulia ngano zake za paukwa pakawa, mwombe ruhusa kwanza, na umwambie wazi itakwenda wapi. Akisema ni ya jamaa tu, basi iwe ya jamaa tu. Rekodi si lazima itangazwe ili iwe na thamani. Inaweza kukaa ndani kama zilivyokaa barua na hati za nyumba, ikasikizwa siku za Idi watoto wakikusanyika. Na hata kwa tungo zako mwenyewe, pima. Kijembe kilichosemwa barazani huishia barazani, na wanaohusika hupatana. Kikirekodiwa kitamfuata mtu mpaka kwa wajukuu zake.

Namna ya kuifanya

Sasa tuje kwenye kazi. Sitaki mtu adhani kwamba anahitaji studio.

Chagua chumba. Nyumba zetu za kale za mawe zina dari ndefu na kuta tupu, na sauti humo hugonga ukutani ikarudi na mwangwi. Chumba kizuri ni kile chenye godoro, mapazia mazito, zulia na nguo nyingi, kwa kuwa vitambaa humeza mwangwi. Wapo wanaorekodi wakiwa wamelielekea kabati la nguo lililo wazi, na wanapata sauti safi kuliko ya ofisi. Zima panka, na friji ikiwa karibu. Iweke simu katika hali ya safarini ili isilie katikati ya ubeti. Saa nzuri ni usiku, mji ukishatulia, kwani mchana kunguru wa Mombasa na pikipiki hawatakupa nafasi.

Simu iwe mbali na kinywa kama shibiri moja, na isielekezwe katikati ya midomo bali pembeni kidogo. Herufi p na b hutoa pumzi kama kofi, na pumzi hiyo ikikipiga chombo moja kwa moja husikika kama mtu anagonga mlango. Usiishike simu mkononi, maana kila kidole kikisogea kitasikika. Ilaze juu ya vitabu viwili vitatu vilivyofunikwa kitambaa. Kunywa maji kidogo kabla ya kuanza. Rekodi nusu dakika, sikiza, rekebisha, kisha ndipo uanze kwa dhati.

Anza kwa kujitaja. Sema jina lako, mahali ulipo, tarehe ya siku hiyo, jina la utungo, na mwaka uliotungwa. Ukiwa na sababu ya kuutunga, isimulie kwa maneno machache, kama Mwalimu Sikujua alivyofanya kwa mashairi ya Muyaka. Hilo ndilo jambo ambalo karatasi nyingi hazinalo, na baada ya miaka thelathini ndilo litakaloulizwa kwanza. Likiwapo neno la Kiamu, la Kimvita au la Kitikuu ambalo vijana wamelisahau, lieleze. Kisha nyamaza kidogo, na uanze.

Shairi lisikimbizwe. Msomaji wa kitabu huweza kuurudisha macho mshororo uliompita. Anayesikiza hana budi kwenda nawe. Tua kwenye kina cha kati, tua zaidi mwisho wa mshororo, na baina ya beti mpe msikizaji nafasi ya kumeza. Kama unajua kughani, ghani. Kama hujui, sema kwa sauti yako ya kawaida, maana mahadhi ya kulazimisha huchosha. Hadithi nayo isisomwe kama taarifa ya habari. Afadhali uandike vidokezo tu, kisha uisimulie kana kwamba mtoto yuko mbele yako na macho kayatoa. Ukikosea usizime. Nyamaza, rudi nyuma mshororo mmoja, uendelee. Kosa litakatwa baadaye. Iko programu inayoitwa Audacity, itolewayo bure tangu mwaka 2000, ambayo kijana yeyote mwenye kompyuta anaweza kujifunza kukata nayo kwa siku moja. Lakini usikate kila pumzi. Mtu hupumua.

Kuhusu gharama: rekodi ya dakika 10 ya sauti ya mtu mmoja, ikibanwa katika umbo la MP3 kwa kiasi cha kawaida cha maneno, huwa takriban megabaiti 5. Huo ni mzigo mwepesi kwa msikizaji mwenye bando dogo. Lakini nakala yako ya asili usiibane. Ihifadhi katika umbo la WAV, ambalo kwa dakika hizo 10 huchukua takriban megabaiti 53, kwa kuwa kilichobanwa hakirudi tena katika ukamilifu wake.

Haki na amana

Upo upande mwingine ambao watunzi wetu wengi hawaujui, na wamedhulumika kwa kutoujua. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini sheria hiyo hiyo yataka kazi iwe imeandikwa, au imerekodiwa, au imetiwa katika umbo la kushikika. Shairi lililosemwa harusini na kuachwa hewani, likaokotwa na mwimbaji likawa wimbo, mtunzi wake atasimama na nini mbele ya hakimu? Akiwa na rekodi yenye jina na tarehe, ana mahali pa kuanzia. Mambo haya husimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ambako mtu anaweza kusajili kazi yake.

Na kama tunavyotaka haki zetu, tusile za wenzetu. Podikasti ya mashairi yako iwe ya mashairi yako. Usitie udi wa mtu chini ya sauti yako bila ya ruhusa, na ukighani utungo wa mwingine mtaje na umwombe, au uwaombe warithi wake.

Baada ya kurekodi kuna kutunza, na hapa ndipo tulipopoteza mengi. Ni nyumba ngapi za Kibokoni, Kuze, Langoni na Malindi zenye sanduku la kaseti chini ya kitanda? Humo mna sauti za walimu, za mama waliofariki, za mashairi ya arusi za miaka arobaini nyuma. Joto na unyevu wa bahari hauzihurumii. Ukungu huota juu ya utepe, utepe hunata, na siku ukiutia katika tepurekoda mbovu hutafunwa. Mwenye sanduku hilo asingoje. Vunja vile vijimeno viwili vya juu ya kaseti ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Tafuta tepurekoda nzima, safisha kichwa chake kwa spiriti, iunge kwa waya na kompyuta, na uicheze yote. Kaseti ya dakika 60 itachukua dakika 60. Njia ya mkato hakuna.

Na hizi za simu nazo zisitudanganye kwamba ni za milele. Simu huibwa, huanguka baharini, na kampuni za intaneti hufunga milango bila ya kutuaga. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye kifaa kingine cha kuhifadhia, na ya tatu nje ya nyumba yako, kwa ndugu au kwa rafiki mwaminifu. Ziandike majina yanayoeleweka, yenye tarehe na jina la utungo. Rekodi iitwayo "sauti mpya 14" ni kama kaburi lisilo na jiwe.

Watunzi wenzangu wa rika langu, shime. Huenda mchapishaji asije kutugongea, na kipindi cha redio kikawa na nafasi ya dakika mbili tu. Tusikae tukimngoja mgeni aje na chombo chake atuulize. Chombo kiko mfukoni. Na nyinyi vijana mnaojua kuvitumia vyombo hivi, mkimaliza kurekodi yenu, ketini na mzee mmoja mtaani mwenu mwenye daftari, mumwombe asome. Jioni moja kwa juma ni nyingi sana kwa mtu ambaye hajaombwa miaka kumi.

Nami naaga kwa ubeti huu, ambao nimekwisha kuusoma mbele ya simu kabla ya kuuleta gazetini:

Sauti ni amanati, mwenyewe akiondoka,
Hairudi kwa laiti, wala sokoni kusaka,
Ishike leo kwa dhati, kesho isije toweka,
Hata baada mauti, wana watakukumbuka.